Malezi ya mbwa kwa malipo: Biashara imekua, sheria inachechemea

Na Mwandishi Wetu

USIKU wa Septemba 18, 2021, moto ulizuka katika bweni la mbwa mjini Georgetown, jimbo la Texas nchini Marekani. Kikosi cha zimamoto kilifika dakika chache baada ya kupata taarifa, lakini mbwa wote 75 waliokuwa ndani walikwisha kufa kwa moshi.

Wenye mbwa hao walikuwa wamewaacha pale kwa malipo, wakiamini kuwa wako mahali salama. Baada ya maafa hayo ndipo ilipodhihirika kuwa usiku ule hapakuwa na mtu yeyote ndani ya jengo. Mitambo ya kunyunyiza maji yenyewe moto unapozuka haikuwapo pia, na kanuni za ujenzi zilizolihusu jengo hilo hazikuilazimisha.

Mkasa huo uliwagusa watu wengi nje ya mji ule mdogo, na si kwa sababu ya idadi ya mbwa waliokufa peke yake. Uliibua swali ambalo biashara ya kulea mbwa imelikwepa kwa muda mrefu: mtu anapomkabidhi mwenzake mnyama wake kwa fedha, nani anayehakikisha kuwa aliyepokea anao uwezo wa kumtunza?

Swali hilo si la Wamarekani tu. Miji ya Afrika Mashariki nayo inao watu wenye kipato cha kati wanaofuga mbwa, wanaosafiri na wanaotafuta mahali pa kuwaacha. Huduma za namna hiyo zipo Nairobi na Dar es Salaam. Tofauti ni kwamba huku kwetu uzembe katika biashara hii unaweza kumuua mbwa, na unaweza kumuua binadamu pia.

Biashara yenyewe ni ipi?

Huduma hizi zina sura mbili. Ya kwanza ni malezi ya mchana. Mwenye mbwa humpeleka asubuhi akienda kazini na kumchukua jioni, kama mzazi anavyompeleka mtoto shule ya chekechea. Mbwa hushinda na wenzake katika ukumbi au uwanja uliozungushiwa uzio, wakikimbizana na kucheza chini ya uangalizi.

Ya pili ni bweni, ambako mbwa hulala siku kadhaa mwenyewe akiwa safarini, hospitalini au katika shughuli za kifamilia. Bweni ni huduma ya zamani. Uingereza iliitungia sheria yake mwaka 1963. Malezi ya mchana ni mageni zaidi, na yalianza kuvuma katika miji mikubwa ya Marekani, New York ikiwamo, mwishoni mwa miaka ya 1980.

Sababu za kukua kwake zinaeleweka. Katika miji hiyo watu wengi huishi katika nyumba za ghorofa zisizo na ua. Mume na mke wote hufanya kazi, na ndugu wa kuachiwa mbwa hayupo. Mbwa aliyefungiwa chumbani kwa saa tisa hubweka, hutafuna samani na kuleta ugomvi na majirani.

Fedha zinazozunguka katika sekta hiyo si kidogo. Kwa mujibu wa chama cha wafanyabiashara wa bidhaa za wanyama wa nyumbani nchini Marekani, Wamarekani walitumia dola bilioni 17 kwa ajili ya wanyama hao mwaka 1994. Mwaka 2023 matumizi yalifikia dola bilioni 147. Kati ya hizo, zaidi ya dola bilioni 12 zilikwenda kwenye huduma kama vile bweni, malezi ya mchana, kutembeza mbwa, mafunzo, usafi wa manyoya na bima.

Penye fedha nyingi namna hiyo huingia watu wa kila aina. Wapo waliosomea tabia za wanyama na wanaopenda kazi yao. Wapo pia waliokodi ghala, wakaweka uzio na kuanza kupokea wateja.

Ugumu wa biashara hii umo katika jambo moja: mteja haoni anachokinunua. Mtoto wa chekechea akinyimwa chakula au akipigwa, jioni atasimulia. Mbwa hasemi. Mwenyewe hujua tu kwamba alimwacha mzima na kumkuta mzima, au vinginevyo. Katika hali ya namna hiyo, kumwachia mteja peke yake kazi ya kupambanua mtoa huduma mzuri na mbaya ni kumbebesha mzigo asioweza kuubeba.

Je, kila mbwa anahitaji marafiki?

Watoa huduma hujinadi kwa ahadi kwamba mbwa atajifunza kuishi na wenzake, atapata marafiki na kurudi nyumbani akiwa na furaha. Ahadi hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ina mipaka ambayo haitajwi katika matangazo.

Watafiti wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walichapisha mwaka 1965 matokeo ya utafiti wa miaka mingi kuhusu makuzi ya mbwa, uliofanyika Bar Harbor, jimbo la Maine. Walionyesha kuwa kipo kipindi kifupi, takriban kati ya wiki ya tatu na ya 12 tangu kuzaliwa, ambacho mtoto wa mbwa hujifunza kwa wepesi kuwazoea mbwa wenzake na binadamu. Kipindi hicho kikipita bila mazoea hayo, kazi huwa ngumu mara nyingi zaidi.

Maana yake ni kwamba mbwa mzima aliyekulia kwenye mnyororo, asiyewahi kuchezea na mwenzake, hawezi kuponywa hofu yake kwa kutupwa katikati ya mbwa 20 asiowajua. Anaweza kujibanza pembeni siku nzima akitetemeka, au akauma.

Mchezo wenyewe una lugha yake. Mbwa anayetaka kucheza huinamisha sehemu ya mbele ya mwili na kuinua ya nyuma. Wanaoelewana hupokezana, huyu akifukuza sasa na baadaye akifukuzwa. Mchezo unapogeuka kuwa uonevu, dalili hutangulia: mwili hukakamaa, mkia hubadilika mkao, mmoja hutafuta njia ya kutoka na mwingine humzuia.

Mlezi aliyefunzwa huziona dalili hizo na kuwatenganisha mapema. Asiyefunzwa huona mbwa wanacheza, hadi damu inapomwagika. Ndiyo maana suala la idadi ya walezi na mafunzo yao ndilo kiini cha usalama katika biashara hii, kuliko rangi za kuta au picha zinazotumwa kwenye simu ya mteja.

Mataifa mawili, njia mbili

Marekani haina sheria ya taifa zima inayosimamia mabweni ya mbwa wa nyumbani. Sheria yake ya shirikisho ya ustawi wa wanyama ya mwaka 1966 inawahusu zaidi wanyama wa maabara, wa maonyesho, na wafugaji na wauzaji wa kibiashara. Mabweni na malezi ya mchana yameachiwa majimbo, na majimbo yanatofautiana mno.

Colorado inataka leseni na ukaguzi chini ya idara yake ya kilimo. California ilipitisha sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2017, ikiwataka wenye mabweni wamweleze mteja kwa maandishi saa ambazo wafanyakazi huwapo. Sheria hiyo inadai pia kuwapo kwa king'ora cha moto kilichounganishwa na kituo cha kupokea taarifa, au mitambo ya kunyunyiza maji.

Msomaji atatambua kuwa hayo mawili, watu na moto, ndiyo yaliyokosekana Georgetown miaka zaidi ya minne baadaye. Ujuzi wa kuzuia maafa ulikuwapo, na ulikwisha andikwa katika sheria. Haukuwa umefika Texas.

Uingereza imechukua njia nyingine. Kwa upande wa England, kanuni mpya za leseni kwa shughuli zinazohusu wanyama zilianza kutumika Oktoba 1, 2018 na kuchukua nafasi ya ile sheria ya 1963. Kanuni hizo zimetenganisha mabweni ya mabanda, mabweni ya majumbani na malezi ya mchana, kila moja na masharti yake.

Leseni hutolewa na halmashauri ya mahali baada ya ukaguzi. Mtoa huduma hupewa nyota kuanzia moja hadi tano, na leseni hudumu mwaka mmoja, miwili au mitatu kulingana na alama alizopata. Anayefanya vizuri hukaguliwa kwa nadra zaidi na hulipa kwa nafuu, hivyo anayo sababu ya kibiashara ya kufanya vizuri.

Miongozo inayoambatana na kanuni hizo imejaa vipimo vinavyohesabika. Katika malezi ya mchana, mlezi mmoja hapaswi kuwa na mbwa zaidi ya 10. Katika mabweni ya mabanda, ambako mbwa hukaa kila mmoja mahali pake, kiwango ni mlezi mmoja kwa mbwa 25. Kila mbwa wa malezi ya mchana hutengewa angalau mita sita za mraba, maana yake ukumbi wa mita 10 kwa sita ni wa mbwa 10 tu.

Mbwa hawachanganywi bila idhini ya maandishi ya wenyewe. Lazima pia wawe na chanjo zilizo hai dhidi ya pavo, distempa, homa ya ini ya mbwa na ule ugonjwa wa leptospirosisi ambao Watanzania waliufahamu kwa jina la homa ya mgunda ulipozuka mkoani Lindi mwaka 2022.

Faida ya vipimo vya namna hiyo ni kwamba mkaguzi hahitaji kubishana na mwenye biashara. Anahesabu mbwa, anahesabu walezi, anapima sakafu, anasoma kadi. Neno kama "utunzaji unaofaa" linaweza kutafsiriwa na kila mtu apendavyo. Mlezi mmoja kwa mbwa 10 haina tafsiri mbili.

Samaki mmoja akioza

Hata pale ambapo walezi wanatosha, mkusanyiko wa mbwa huleta hatari nyingine ambayo macho hayaioni. Magonjwa ya njia ya hewa huenea kwa kasi wanapopumuliana na kunywa maji katika chombo kimoja.

Mwaka 2004 wataalamu waligundua katika mbwa wa mashindano ya mbio huko Florida kirusi cha mafua kilichotoka kwa farasi. Mwaka 2015 aina nyingine, iliyokuwa ikijulikana barani Asia, ilizuka Chicago na kuwaambukiza mbwa zaidi ya 1,000. Baadhi ya vituo vya malezi vililazimika kufunga milango kwa muda.

Mwaka 2021 mafua hayo hayo yalizuka Los Angeles. Maofisa wa afya wa eneo hilo walihesabu tena mbwa zaidi ya 1,000, wengi wao wakiwa wamepita katika mabweni na vituo vya malezi ya mchana.

Waswahili husema samaki mmoja akioza, huoza wote. Katika kituo cha mbwa methali hiyo ni kanuni ya kitabibu. Usalama wa mbwa 30 waliochanjwa na kutunzwa vizuri hutegemea mlango alioingilia mmoja ambaye hakuulizwa kadi.

Huku kwetu jina lake ni kichaa cha mbwa

England haijumuishi kichaa cha mbwa katika orodha yake ya chanjo za lazima kwa mabweni, kwa kuwa ugonjwa huo haupo tena miongoni mwa mbwa wake. Hapa ndipo nchi zetu zinapotakiwa kuwa makini. Anayenakili kanuni za Uingereza neno kwa neno ataacha nje ugonjwa ambao kwetu ulipaswa kuandikwa kwenye mstari wa kwanza.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi mno wakiwa Afrika na Asia. Karibu maambukizi yote kwa binadamu hutokana na mbwa, na takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Makadirio ambayo yametumika kwa miaka mingi hutaja vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka Tanzania na 2,000 Kenya.

Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, tiba ya kumponya kwa uhakika haipo. Kinachookoa ni hatua za mapema: kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha kukimbilia chanjo, na kwa majeraha makubwa kuongezewa kingamwili.

Kirusi cha ugonjwa huu hukaa mwilini kimya, kwa kawaida miezi miwili hadi mitatu, na wakati mwingine huchukua wiki moja tu au mwaka mzima. Mbwa huanza kukitoa kwenye mate siku chache kabla ya kuonyesha dalili. Kwa hiyo mlezi anayempokea mbwa mlangoni na kumtazama kwa macho hawezi kusema kuwa ni mzima. Kadi ya chanjo ndiyo inayosema.

Hilo halimaanishi kuwa mbwa wasikusanyike. Linamaanisha kuwa kukusanyika kwao kunaweza kuwa hatari au kuwa kinga, kutegemea anayeshika mlango. Kituo kinachokataa kumpokea mbwa asiye na chanjo humlazimisha mwenyewe kwenda kuchanja. Kituo kinachopokea kila anayekuja na fedha hufanya kinyume chake.

Kisiwa cha Pemba kinatoa somo linalofaa kukumbukwa. Ugonjwa huo ulivuma huko kuanzia mwaka 2010, na kampeni za kuchanja mbwa zikauondoa mwaka 2014. Mwaka 2016 uliingia tena. Ilihitajika kazi nyingine ya uchanjaji na ufuatiliaji wa kila aliyeumwa hadi ulipokoma tena mwaka 2018.

Ikiwa kisiwa kilichozungukwa na bahari kinaweza kuingiliwa na ugonjwa kiliokwisha kuushinda, uzio wa kituo cha mbwa mjini si ulinzi wa kutosha.

Mbwa wetu si mbwa wao

Jambo jingine linalozitofautisha nchi zetu na za Magharibi ni kazi aliyopewa mbwa. Katika nyumba nyingi za mijini Afrika Mashariki mbwa ni mlinzi. Mchana hufungwa au hufungiwa bandani, usiku hufunguliwa, na getini huwekwa tangazo la kumwonya mgeni. Husifiwa kwa ukali wake.

Mbwa aliyelelewa namna hiyo ndiye asiyefaa kabisa kuingizwa katika kundi la kucheza. Hana ubaya, ila kazi aliyofunzwa ni kumwona kila mgeni kuwa adui. Mwenyewe anaposafiri sikukuu za mwisho wa mwaka, mbwa huyo anahitaji banda lake peke yake, maji safi, mahali pa kunyoosha miguu na mlezi anayemjua. Kumpeleka uwanjani na wenzake ili arudi na marafiki ni kutafuta balaa.

Pwani kuna jambo la kuzingatiwa zaidi. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, ingawa dini inaruhusu mbwa wa ulinzi na uwindaji. Kituo kinachofunguliwa katikati ya makazi bila majirani kushirikishwa, kelele na majitaka yake yakivuka uzio, kitazaa ugomvi hata kama mbwa wenyewe wana afya njema. Mahali pa kujenga ni suala la leseni pia.

Kisha wapo wafanyakazi. Anayeosha mabanda, anayewalisha na kuwatenganisha mbwa wanaopigana mara nyingi ni kijana mwenye ujira mdogo. Ndiye anayeumwa kwanza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu ambao kazi zao zinawaweka karibu na hatari hiyo wachanjwe kabla ya kuumwa, dozi mbili zikipishana siku saba. Mwajiri anayepokea mbwa wa watu kwa fedha anapaswa kuihesabu chanjo hiyo kama gharama ya biashara, kama anavyohesabu chakula cha mbwa.

Sheria zilizopo zinatosha?

Haitakuwa haki kusema kuwa hakuna sheria. Tanzania inayo Sheria ya Magonjwa ya Wanyama na Sheria ya Veterinari, zote za mwaka 2003, pamoja na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inagusa utunzaji, usafirishaji na uchinjaji wa wanyama. Kenya inayo sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama na sheria mahsusi ya kichaa cha mbwa, na tangu mwaka 2014 inao mkakati wa kuutokomeza ugonjwa huo ifikapo mwaka 2030.

Sheria hizi zinampa mtunza mnyama wajibu wa jumla na kuipa serikali mamlaka ya kupambana na magonjwa. Hata hivyo, wajibu wa jumla si sawa na kipimo kinachohesabika. Mwenye kituo anaweza kuapa kuwa hamtesi mnyama, na akawa anasema kweli, huku mlezi mmoja akiangalia mbwa 40 na usiku hakuna anayelala pale.

Halmashauri za miji zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Hazihitaji kusubiri Bunge ili kutamka kuwa kituo cha kulea mbwa kwa malipo kitapewa leseni baada ya kukaguliwa na daktari wa mifugo na ofisa wa zimamoto, na kwamba leseni hiyo itabandikwa mahali ambapo mteja anaiona.

Zipo hoja mbili za kupinga. Ya kwanza inasema kuwa ni anasa kuzungumzia mbwa wa matajiri wakati zahanati hazina dawa. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama matokeo ya uzembe yangeishia ndani ya uzio wa tajiri. Kichaa cha mbwa hakiishii hapo. Mtoto anayeumwa njiani na mbwa aliyetoroka bwenini hana mbwa wala hajawahi kulipia malezi ya mbwa.

Ya pili ni nzito zaidi. Inasema kuwa leseni ni mlango mwingine wa rushwa na usumbufu kwa wajasiriamali wadogo. Wafanyabiashara wa miji yetu wanajua wanachokisema. Lakini dawa ya rushwa ni kupunguza nafasi ya mkaguzi kuamua kwa hisia zake, na vipimo vinavyohesabika hufanya hivyo. Masharti yakiwa machache, yameandikwa kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani, mteja mwenyewe anakuwa mkaguzi wa pili.

Masharti yenyewe yanaweza kutosha kwenye ukurasa mmoja. Hakuna mbwa kuingia bila kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iliyo hai. Idadi ya juu ya mbwa kwa kila mlezi itajwe. Awepo mtu usiku kucha. Iwepo njia ya kuwatoa mbwa moto ukizuka. Mbwa wasichanganywe bila idhini ya maandishi. Liwepo daftari la kila aliyeumwa, mbwa au binadamu, na jina la daktari wa mifugo wa kuitwa.

Daftari hilo si karatasi za bure. Mbwa aliyemuuma mtu hutakiwa kuangaliwa kwa siku 10, kwani akiwa alikuwa akitoa kirusi wakati ule, ataugua au kufa katika muda huo. Kituo chenye kumbukumbu kinaweza kumpa daktari wa binadamu jibu ambalo mtaani halipatikani.

Mwenye mbwa afanye nini?

Kabla sheria ndogo hazijatungwa, mteja anayo maswali ya kuuliza. Nani analala hapa usiku? Mlezi mmoja anaangalia mbwa wangapi? Mmeniuliza kadi ya chanjo, au mmeniuliza fedha tu? Naweza kuingia kuona wanapolala? Mbwa wangu asipopenda kucheza na wenzake, mtamweka wapi?

Anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kujibu. Na kituo kinachomkatalia mteja kwa sababu mbwa wake hana chanjo, au ni mkali mno kwa kundi, kisichukuliwe kuwa kina jeuri. Hicho ndicho kinachofaa kurudiwa, kadi ikishapatikana.

Biashara ya kulea mbwa itaendelea kukua katika miji yetu kadiri kipato na safari za watu zinavyoongezeka, na hilo si jambo baya. Inatoa ajira kwa vijana na kazi kwa madaktari wa mifugo, na inaweza kuwa mshirika mkubwa katika safari ya kuutokomeza ugonjwa uliotesa vizazi vingi. Nchi zilizotutangulia zimeonyesha kuwa kanuni huandikwa ama kabla ya msiba ama baada yake. Halmashauri zetu bado zina nafasi ya kuandika kabla.